Kutoka Kipande hadi CRB: Rekodi Yako Ikishatumwa, Nani Anairudia?

Ukifika kwenye geti la ofisi Nairobi, soja atakwambia, "Acha kipande hapa." Anamaanisha ID. Tumelizoea hilo neno mpaka hatulisikii tena. Lakini wasee, hilo ni jina la mfumo wa rekodi wa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Na kama unataka kuelewa kwa nini deni dogo kuliko bei ya chipo na soseji liliwahi kumweka mtu CRB, inabidi uanzie huko, si kwenye simu yako.

Leo naongea kuhusu kitu ambacho watu wa teknolojia hukiita paiplaini ya data. Mimi nitauita mfereji. Ni ile njia ambayo rekodi yako hupitia kutoka kompyuta ya kampuni moja hadi mfumo wa kampuni nyingine. Hoja yangu ni moja: kila mara mfereji kama huu unapochimbwa, kuna mtu ameamua nini kipite, lini kipite, na nani anaweza kukirudisha. Anayefanya uamuzi huo huona ni jambo la kiufundi. Anayeubeba ni wewe.

Tuanze 1915. Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuandikisha Waafrika. Vita vya kwanza vya dunia vikaichelewesha, na ikaanza kutekelezwa mwishoni mwa 1919 na 1920. Mwanaume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimika kubeba karatasi yenye jina lake, anapotoka, alama za vidole na historia yake ya kazi. Karatasi iliwekwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Wengi walikifananisha na kengele ya mbuzi, na si ngumu kuona kwa nini.

Sasa angalia jinsi ule mfumo ulivyofanya kazi, bila kompyuta hata moja. Mwajiri aliandika tarehe ya kuajiri, mshahara na tarehe ya kuachishwa. Nakala ya alama za vidole ilikaa kwenye ofisi kuu ya uandikishaji Nairobi. Ukitoroka shamba la settler kwa sababu mshahara haulipwi, yeye anaripoti, rekodi inatafutwa, unasakwa. Na kama hajatia sahihi kwamba amekuachilia, mwajiri mwingine hawezi kukuchukua kihalali. Umekwama.

Hebu fikiria hapo kidogo. Aliyeandika ni mwajiri. Aliyesoma ni serikali na mwajiri anayefuata. Aliyebeba ni mfanyakazi, na hakuwa na nafasi hata ya mstari mmoja ya kuandika upande wake. Habari zilienda upande mmoja tu.

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku na East African Association, iliyoanzishwa 1921, waliweka kipande kwenye orodha ya malalamiko yao, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Thuku alikamatwa Machi 1922. Umati ulipokusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe, ulipigwa risasi. Hesabu rasmi ilisema 21 waliuawa, na miongoni mwa waliokufa ni Muthoni Nyanjiru, mama aliyewachokoza wanaume wasirudi nyuma. Kwa hivyo mtu akikwambia mambo ya rekodi na usajili ni ya watu wa ofisi, mkumbushe kuna damu ilimwagika Nairobi, na kipande kilikuwa mojawapo ya sababu. Ile sheria ilidumu mpaka 1947, ilipoletwa nyingine ya kuandikisha watu wa rangi zote.

Sasa turuke mpaka zama zetu, lakini kwanza tuelewe mfereji wa leo.

Chukua kampuni yoyote ya mikopo. Ina jedwali la wateja: jina, nambari ya ID, simu, kiasi ulichokopa, siku ulizochelewa. Msanidi programu anapewa kazi: "Tuma hizi rekodi kwa mfumo wa nje." Anafanya mambo matano. Anachagua ni rekodi gani zitoke. Anazipanga upya zifanane na vile mfumo wa nje unavyotaka, kwa mfano tarehe ianze na mwaka. Anaweka anwani ya API na ufunguo wa siri ili upande wa pili ujue ni nani anatuma. Anaamua zitumwe mara ngapi: kila dakika, kila usiku au kila mwezi. Mwisho, anaamua kitu gani kifanyike rekodi ikikataliwa: ijaribiwe tena, iwekwe kando mtu aiangalie, au itupwe tu kimya kimya.

Hiyo ya mwisho ndiyo watu husahau. Tuseme mtandao unakatika katikati. Mfumo ukijaribu tena bila kukumbuka ulishatuma, deni moja linaweza kuonekana mara mbili. Na kama rekodi ya "amelipa" imekataliwa kwa sababu jina lina herufi moja tofauti, halafu hakuna mtu anasoma ile orodha ya zilizokataliwa, basi kwa mfumo wa nje wewe bado ni mdeni. Ulilipa na risiti uko nayo, lakini haikusaidii, kwa sababu mfereji haukuibeba.

Tukijua hivyo, turudi kwa historia. Kanuni za kwanza za CRB nchini zilikuwa za 2008 na zikaanza kutumika Februari 2009. Shirika la kwanza lilipata leseni 2010. Nia ilieleweka: benki zilikuwa zinaumizwa na watu wanaokopa hapa, wanakwepa, wanakopa pale. Lakini angalia kilicholazimishwa kupita: habari mbaya. Benki ilipaswa kuripoti mikopo isiyolipwa. Wewe uliyelipa miaka mitano bila kuchelewa hata siku moja, hakuna aliyelazimika kukusema vizuri. Ilibidi zije kanuni za 2013 ndipo benki na taasisi za mikopo midogo zikatakiwa kutuma mazuri na mabaya. Ndiyo maana hadi leo mtu akisikia CRB anasikia "blacklist", ilhali CRB ni daftari linaloweza pia kusema wewe ni mlipaji mzuri. Usanidi wa miaka ile ya mwanzo ulitufundisha kuliogopa.

Halafu mikopo ikaingia kwa simu. M-Shwari ilianza Novemba 2012. Kuanzia 2014 zikafuata programu za mikopo ambazo hazikuhitaji benki wala mdhamini, simu tu. Sitazichafua zote. Kuna mama mboga aliyepata mtaji wa asubuhi bila kumpigia mtu magoti, na hilo ni jambo kubwa. Lakini mfereji uliochimbwa kwa mikopo ya mamilioni sasa ulianza kubeba madeni ya mia mbili, mia tatu. Mashine haijui aibu, inatuma tu kile ilichoambiwa itume. Na kwa sababu waajiri wengi walikuwa wanaitisha cheti cha CRB, kijana aliyechukua mkopo mdogo kwa sababu hana kazi alijikuta hapati kazi kwa sababu ya ule mkopo. Ule mduara mfanyakazi wa 1920 angeutambua mara moja: huachiliwi mpaka mtu fulani atie sahihi.

Aprili 2020, corona ikiwa imeanza kubana watu, Benki Kuu ilifanya mabadiliko mawili. Iliwaondolea wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa ruhusa ya kutuma majina CRB, na ikasema mtu asiorodheshwe kwa deni la chini ya Sh1,000. Kwa lugha ya msanidi programu, huo ni mstari mmoja wa masharti: kama deni ni chini ya elfu moja, usitume. Mstari mmoja tu! Ungeweza kuandikwa siku ya kwanza. Haukuandikwa kwa sababu aliyesanidi mfereji hakuwa ndiye anayeumia. Kufikia Novemba 2022, Benki Kuu ilipotangaza mpango wa kuwasaidia wenye mikopo ya simu iliyokwama kwa kupunguziwa angalau nusu ya deni, waliolengwa walikuwa zaidi ya watu milioni 4.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Bila rekodi, mkopeshaji hawezi kutofautisha mwaminifu na mkora, kwa hivyo anawapandishia wote riba. Ni kweli. Mimi sisemi mfereji uzibwe. Ninasema ubebe ukweli wote, kwa kasi ileile. Malipo yako ya simu yanafika kwa mkopeshaji kwa sekunde. Tangu Daraja, ile API ya M-Pesa, ifunguliwe 2017, hata duka dogo linaweza kupokea taarifa ya malipo papo hapo. Kama habari ya "amelipa" inaweza kumfikia mkopeshaji kwa sekunde, kwa nini iondoke kwake kwenda CRB kwa mwendo wa kobe? Teknolojia iko. Kinachokosekana ni mtu wa kulazimisha.

Na sheria, kusema ukweli, imeanza kulazimisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kurekebishiwa data isiyo sahihi. Sehemu ninayoipenda ni hii: kampuni ikiwa ilishatuma data yako kwa wengine, inatakiwa ichukue hatua za kuwajulisha hao wengine kuhusu marekebisho. Yaani marekebisho yapite mfereji uleule uliopitisha kosa. Hicho ndicho kitu kipande hakikuwahi kuwa nacho.

Kwa hivyo fanya mambo matatu. Kwanza, una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka CRB yenye leseni, na ziko tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Iitishe kabla mwajiri hajakuitisha. Pili, ukimaliza deni, usitosheke na ile SMS ya asante. Uliza kwa maandishi, "Mmetuma lini taarifa kwamba nimelipa?" Tatu, wewe unayesomea kompyuta na kesho utapewa hiyo kazi ya kuunganisha mifumo: soma ile orodha ya rekodi zilizokataliwa. Kila mstari pale ni mse fulani anayesubiri barua ya kazi.

Babu zetu walibeba rekodi zao shingoni, angalau walijua ziko wapi. Sisi zetu ziko kwenye seva za watu, na hatuzioni zikisafiri. Ndiyo maana inabidi tuulize.