Shaqiqa, Faliji na Kauli ya Mafakihi juu ya Maradhi ya Kuhofiwa

  

Katika Sahihi yake, ndani ya Kitabu cha Tiba, Imamu al-Bukhari (aliyefariki mwaka 256 H.) ameweka mlango maalumu unaohusu kupiga chuku kwa ajili ya shaqiqa na maumivu ya kichwa. Amepokea humo kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipigwa chuku kichwani naye yumo katika ihramu, kwa sababu ya shaqiqa iliyomshika, mahali penye maji panapoitwa Lahy Jamal katika njia ya Makka. Neno shaqiqa limetokana na shiqq, yaani upande au nusu ya kitu, kwa kuwa maumivu yake hushika upande mmoja wa kichwa. Wayunani nao waliyaita maradhi haya nusu ya kichwa. Sisi wa pwani tunaita kipandauso.

Hadithi hii nimeisomeshwa na nimeisomesha mara nyingi, na karibu kila mara mjadala wetu uliishia kwenye nywele: je, aliyekatwa nywele ili apigwe chuku hutoa fidia? Jawabu linafahamika kwa kisa cha Kaab bin Ujra (r.a.) pale Hudaibiya na aya ya 196 ya Suratul Baqara: afunge siku tatu, au alishe maskini sita, au achinje. Lakini tulipokuwa tunahesabu fidia tuliliacha jambo lililo mbele ya macho yetu. Mbora wa viumbe alipatwa na shaqiqa, akaichukua kuwa ni maradhi ya mwili, na akatafuta tiba yake hapo hapo njiani, naye yumo katika ibada kubwa. Hakungoja mpaka atoke katika ihramu.

Ibn al-Qayyim (aliyefariki mwaka 751 H./1350) katika Zaad al-Maad amefungua fasili juu ya uongofu wa Mtume (s.a.w.) katika kutibu maumivu ya kichwa na shaqiqa. Anamnukuu Abu Nuaym kwamba maumivu ya aina hii yalikuwa yakimshika Mtume (s.a.w.), akakaa siku moja au mbili bila ya kutoka. Kisha Ibn al-Qayyim anasema kuwa chanzo cha shaqiqa ni kitu kilichomo ndani ya mishipa ya damu ya kichwa, kikapokelewa na upande ulio dhaifu zaidi, na kwamba alama yake mahsusi ni kupiga kwa mishipa hiyo. Ikifungwa kwa kitambaa ikazuiliwa kupiga, maumivu hutulia.

Hapa namuomba msomaji asikimbilie kusema kuwa Ibn al-Qayyim amewatangulia madaktari wa leo. Yeye alisema kwa elimu ya tiba ya zama zake, ile ya michanganyiko minne ya mwili, na madaktari wa leo hawaoni kuwa mishipa ya damu ndiyo asili ya shaqiqa, bali ubongo na neva zake. Ninalolitaka kwake ni jingine: mwanachuoni huyu, ambaye hakuna anayeweza kumtuhumu kuwa anakanusha majini au uchawi, alipofika kwenye shaqiqa alizungumza habari za mishipa ya damu.

Matabibu waliomtangulia walikuwa na mtazamo huo huo. Abul Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, katika sehemu ya upasuaji ya kitabu chake al-Tasrif, ameeleza jinsi ya kuchoma kwa chuma cha moto penye shaqiqa, na hata kuukata mshipa wa kwenye panja kwa mtu aliyeshindikana kutibika. Ali bin Isa, tabibu wa macho wa Baghdad, aliandika kuwa tiba ya mishipa hiyo ya panja hutumika pia katika baadhi ya maradhi makali ya macho ambayo mwisho wake huweza kuwa upofu. Na katika Fusul za Hipokrati, zilizotiwa katika Kiarabu na Hunayn bin Ishaq katika karne ya tatu ya Hijria, imo kauli kuhusu mtu mzima wa afya anayeshikwa ghafla na maumivu ya kichwa, akapotewa na usemi na kukoroma, kuwa amekaribia kufa. Hiyo ndiyo sakta, ndugu yake faliji, na zote mbili leo tunaziita kiharusi. Kwa hiyo kichwa na kiharusi vilitajwa pamoja tangu zamani, ingawa wakale hawakuwa na njia ya kujua ni kichwa cha nani kinachohusika na ni kwa kiasi gani.

Hilo limejulikana katika miaka hii ya karibuni. Mapitio ya tafiti 14 yaliyochapishwa mwaka 2005 katika jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, yalionyesha kuwa wenye shaqiqa hupatwa na kiharusi cha kuziba mshipa wa damu takriban mara mbili kuliko wasiokuwa nayo. Tafiti zilizofuata zimebainisha kuwa hatari hiyo iko hasa kwa wale wenye shaqiqa inayotanguliwa na ishara. Madaktari huziita aura. Mtu huona mimetometo au mistari ya mwanga iliyopindapinda, au kiza katika sehemu ya macho, au husikia ganzi inayotambaa kutoka vidoleni kuelekea usoni, au ulimi ukawa mzito. Hali hiyo huchukua dakika 5 mpaka saa moja, na mara nyingi maumivu hufuata baadaye. Wenye ishara hizi ni kama mmoja katika kila watatu au wanne wa wenye shaqiqa.

Isifahamike kuwa kila mwenye kipandauso amekwishaandikiwa kiharusi. Kiharusi kwa kijana ni jambo la nadra, na kitu cha nadra kikizidishwa mara mbili bado ni nadra. Linalokuza hatari ni mambo kuungana: shaqiqa yenye ishara, sigara, shinikizo la damu, na kwa wanawake, vidonge vyenye homoni ya estrojeni.

Sasa turejee kwa mafakihi wetu. Katika Minhaj ya Imamu al-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H.), kitabu ambacho madhehebu yetu ya Shafi hapa pwani yamekitegemea vizazi kwa vizazi, mlango wa wasia umetaja maradhi ya kuhofiwa, yaani yale ambayo aliyenayo hazuiliwi kutoa mali yake lakini akifa nayo zawadi zake hazipiti thuluthi. Miongoni mwake ametaja mwanzo wa faliji. Angalia neno mwanzo. Hakusema faliji tu. Wafafanuzi wa kitabu wanabainisha kuwa faliji ikishakaa na mtu, si ya kuhofiwa tena kwa hukumu hii, kwa sababu mtu huweza kuishi nayo miaka. Hofu iko pale inapoanza. Upande wa pili, Ibn Qudama katika al-Mughni ameyaweka maumivu madogo ya kichwa pamoja na maumivu ya jino katika yasiyohofiwa, na akawekea sharti la udogo. Na inapotokea shaka kama ugonjwa ni wa kuhofiwa au la, al-Nawawi hakulirejesha jambo kwa kadhi wala kwa imamu wa msikiti. Amesema haithibiti ila kwa matabibu wawili waadilifu.

Mafakihi walisema hayo kwa ajili ya mirathi na wasia, lakini walichokiona ni kweli ya maradhi yenyewe. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, iliyothibitishwa kwa majaribio ya mwaka 1995 na kisha ya mwaka 2008, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zilipoanza, na kila dakika inayopita sehemu ya ubongo hufa. Ni mwanzo wa faliji, kwa lugha ya Minhaj.

Na saa hizo sisi mashekhe huwa tunazila. Niliwahi kuletewa binti wa watu, umri wake haujafika miaka 30. Jamaa zake walinieleza kuwa kipandauso ni chake tangu utotoni, na kabla ya kichwa huwa anaona nyota machoni, kwa hiyo walikuwa na yakini kuwa ana kitu. Siku hiyo mkono wa kulia ulikuwa umelegea na maneno hayatoki sawasawa. Nilimsomea karibu saa nzima. Nilipoona mdomo unakwenda upande ndipo nilipowaambia wampeleke hospitali. Yuko hai, alhamdulillah, lakini mkono ule haukurudi. Kisomo chango kilikuwa halali. Kosa langu ni kuwa nilikitanguliza, na hali kisomo kinasomeka ndani ya gari njiani.

Anayedhani kuwa faliji haimpati mwenye kushika nyiradi zake na akumbuke kisa cha Aban, mtoto wa Sayyidna Uthman (r.a.). Yeye ndiye aliyeipokea kutoka kwa baba yake ile dua ya asubuhi na jioni, ya kujikinga kwa jina la Allah ambalo hakidhuru kitu pamoja nalo, na imo kwa Abu Daud na Tirmidhi. Kisha akapatwa na faliji. Mtu mmoja aliyeisikia dua kwake akawa anamtazama, Aban akafahamu maana ya mtazamo ule. Akamwambia kuwa hakumzulia Uthman uwongo, wala Uthman hakumzulia Mtume (s.a.w.), ila siku ile alighadhibika akasahau kuisoma. Watu waliipenda kuona faliji ya kadhi Ibn Abi Duad mwaka 233 H. kuwa ni adhabu kwa aliyomtenda Imamu Ahmad. Lakini watasema nini juu ya Aban, tabii na amiri wa Madina?

Limebaki jambo moja ambalo maimamu huulizwa kila mwaka karibu na Hija na Ramadhani: mwanamke kumeza vidonge ili kuchelewesha hedhi. Fatwa za kuruhusu zinafahamika, na zote zimefungwa na sharti la kutokuwapo madhara. Baadhi ya vidonge vinavyotumiwa kwa kazi hii ni vile vya kupanga uzazi vyenye estrojeni. Mapitio yale ya mwaka 2005 yalikuta kuwa mwenye shaqiqa anayetumia vidonge vya uzazi hatari yake hufika takriban mara 8, na Shirika la Afya Duniani linawazuia kabisa wenye shaqiqa yenye ishara wasitumie vidonge vya estrojeni. Zipo njia nyingine zisizo na homoni hiyo, na daktari ndiye wa kuzichagua. Basi muulizwaji kabla ya kujibu kuwa inajuzu amuulize mwenye swali, au mumewe: anaumwa na kipandauso? Huona mwanga au kiza machoni kabla yake? Akisema ndiyo, fatwa yake ingoje neno la tabibu. Wallahu aalam.