Seli tangulizi za endothelia

Seli tangulizi za endothelia ni seli changa zinazozunguka katika damu, zenye uwezo wa kukomaa na kuwa endothelia, yaani tabaka moja jembamba linalofunika ukuta wa mshipa kwa ndani. Tabaka hilo huzuia damu isigande ovyo na hutoa oksidi ya nitriki inayoulegeza mshipa. Likiharibiwa na shinikizo la damu, kisukari au moshi wa sigara, mafuta hupenya ukutani na mshipa huanza kuziba.

Kwa muda mrefu iliaminika kuwa mishipa mipya ya mtu mzima huchipuka kutoka ile ya zamani tu. Mwaka 1997 Takayuki Asahara, Jeffrey Isner na wenzao wa Boston walichuja kutoka damu ya watu wazima seli zenye alama ya CD34. Zilipooteshwa maabara zilipata sifa za endothelia. Zilipodungwa kwa wanyama waliokatiwa damu mguuni, zilionekana katika mishipa iliyokuwa ikiota.

Hata hivyo, utata juu ya seli hizi ulitokana na jina. Damu ikioteshwa maabara hutoa makundi mawili. La kwanza huonekana baada ya siku chache. Ni la ukoo wa seli nyeupe, halijengi mshipa, bali hutoa protini zinazochochea seli nyingine kujenga. La pili huchelewa wiki mbili au tatu, kisha hutanda kama sakafu ya mawe yaliyopangwa. Hili ndilo linalounda mirija inayopitisha damu. Ni adimu kwa mtu mzima na hupatikana zaidi katika damu ya kitovu. Kazi za Mervin Yoder na David Ingram wa Indiana ndizo zilizoyatenganisha vizuri, lakini kwa miaka mingi yote mawili yaliitwa jina moja, na tiba ikajaribiwa kwa mchanganyiko.

Haishangazi basi kwamba matokeo yamepishana. Mwaka 2002 madaktari wa Japani walidunga seli za uboho, zikiwemo za CD34, katika misuli ya miguu iliyokosa damu, na maumivu yakapungua. Lakini jaribio jingine la seli za uboho, JUVENTAS la Uholanzi, lililochapishwa 2015 likiwa na wagonjwa 160, halikupunguza idadi ya waliokatwa miguu. Nchini Marekani, seli za CD34 zilizodungwa moyoni zilipunguza vipindi vya maumivu ya kifua kwa wagonjwa ambao dawa na upasuaji vilishindwa kuwasaidia.

Mazoezi, dawa za statini na kuacha sigara huongeza seli hizi katika damu. Kisukari huzipunguza na kuzidhoofisha, hivyo anayezihitaji zaidi mara nyingi ndiye mwenye seli duni za kujitibia. Ndiyo maana watafiti wanazigeukia za damu ya kitovu.