Masisi na Walikale: namna ya kumutambua muchezaji wa ngoma mwenye viungo vinavyopinda kupita kiasi

Katika vikundi vingi vya ngoma, iwe korali ya kanisa huko Nyabiondo, Intore wanaoalikwa kwenye ndoa ao vijana wa ndombolo wa Walikale-centre, hakukosi mumoja ambaye mwili wake unapinda kuliko wa wenzake. Kiko chake kinarudi nyuma, kidole gumba kinagusa mukono, anashuka chini bila shida. Watu wanamupigia makofi. Lakini mara nyingi ni yeye huyo anayeamuka na maumivu ya magoti kesho yake, na nyumbani wanamuambia kwamba ni muvivu, anakimbia shamba, ao alirogwa.

Wenye kusoma uganga kwa Kifaransa wanaiita hali hii ipermobilite. Si ugonjwa kwa yenyewe. Mifupa yetu inashikwa pamoja na kano, na kano zimejengwa na kolajeni, sawa vile kamba inavyojengwa na nyuzi. Kwa watu fulani nyuzi hizo zinavutika zaidi, na mara nyingi hilo linatoka katika jamaa: mama alikuwa hivyo, dada pia. Wengi wanaishi hivyo mpaka uzee bila maumivu yoyote. Shida inaanza pale kiungo kinapovutika na misuli haina nguvu ya kukizuia.

Kipimo kinachotumiwa zaidi duniani hakiombi mashini wala damu. Kinaitwa kipimo cha Beighton, kwa jina la muganga Peter Beighton aliyefanya kazi Cape Town, Afrika ya Kusini. Mwaka 1973, yeye na wenzake walitangaza utafiti juu ya viungo vya Watswana zaidi ya 1000 wa kijijini. Waliona kwamba ulaini wa viungo unapunguka haraka katika utoto na polepole kwa watu wazima, na kwamba wanawake wanapinda kuliko wanaume wa umri uleule. Kwa hiyo kipimo hiki, ambacho wengine wanadhani ni cha Wazungu, kilijaribiwa kwa Waafrika wa kijijini tangu mwanzo.

Pointi ni 9. Mutu anaweka mukono juu ya meza, na kidole kidogo kinainuliwa kurudi nyuma: kikipita kona ya mraba, yaani digri 90, ni pointi 1 kwa kila mukono. Kidole gumba kinakunjwa mpaka kiguse mukono upande wa ndani: pointi 1 kila upande. Halafu viko na magoti: mukono ao muguu ukinyooshwa, je, unapita unyoofu na kurudi nyuma kwa zaidi ya digri 10? Digri 10 ni kidogo tu, karibu sawa na mushale wa saa ya ukutani unavyosogea kwa dakika mbili. Kila kiko na kila goti linaleta pointi 1. Pointi ya mwisho ni kuinama na kuweka viganja vyote chini, magoti yakiwa yamenyooka. Kwa mutoto ambaye hajabalehe waganga wanahesabu kuanzia 6, kwa kijana na mutu muzima mpaka miaka 50 kuanzia 5, na kwa aliyepita 50 kuanzia 4. Upimaji ufanywe kabla ya mazoezi, juu ya mwili uliopata joto unapinda zaidi. Na hakuna kumulazimisha mutu: kiungo kikikataa, kimekataa.

Kwa wachezaji wa ngoma, hesabu hiyo peke yake inaweza kudanganya. Kuinama mpaka viganja viguse chini kunajifunzwa. Utafiti uliofanywa Cape Town juu ya wachezaji wa baleti, uliotoka mwaka 1984, ulionyesha kwamba mazoezi yanaweza kuleta uwezo huo. Kidole kidogo, kinyume chake, hakuna anayekifanyisha mazoezi, na ndiyo sababu kinasema ukweli kuliko mugongo. Tena Beighton hapimi nyonga, bega wala kifundo cha muguu, na ndombolo yote iko ndani ya nyonga! Mutu anaweza kupata pointi 3 tu na bega lake likatoka kila mwezi. Huyo asirudishwe nyumbani eti ni muzima.

Jicho la mufundisha ngoma linasaidia hapa kuliko karatasi. Katika ngoma ya Kinyarwanda ya wanawake, mikono inainuliwa kama pembe za ng'ombe; kiko kinachopita unyoofu kinaonekana hapo waziwazi. Kwa Intore, angalia goti la anayetua kisha kuruka: linajifunga kwa nyuma? Kifundo kinateguka hata kwenye uwanja wa sawasawa? Akisimama kwa muguu mumoja na macho kufungwa, anatikisika kuliko wenzake? Kisha yafuate maswali machache. Bega ao kifuniko cha goti kiliwahi kutoka zaidi ya mara moja? Utotoni alikuwa akichekesha wenzake kwa kujipinda? Kuna mutu katika jamaa mwenye hali hiyo? Na maumivu yanakuja lini: wakati wa kucheza, ao usiku baada ya kubeba bidoni ya litre 20 toka mutoni?

Swali hilo la mwisho si la kupuuza. Goti la muchezaji wa kwetu halipumziki baada ya ngoma. Linapanda mulima na muhogo mugongoni.

Kuna maumivu ambayo hayatoki kwa ulaini. Kiungo kilichovimba, chenye moto, pamoja na homa, kinaomba muganga siku hiyohiyo. Mutoto anayelia mifupa mara kwa mara, mwenye macho ya manjano na damu kidogo, apimwe drepanositoze. Kijana murefu sana, mwembamba, mwenye vidole virefu na macho yasiyoona mbali, moyo wake usikilizwe kabla ya kurudishwa uwanjani. Na ngozi inayovutika sana, inayopasuka kirahisi na kuacha kovu pana, inaweza kuonyesha ugonjwa wa Ehlers-Danlos, ambao katika aina moja unagusa hata mishipa ya damu.

Aliyetambuliwa haombwi kuacha ngoma. Anaombwa kuacha kujivuta zaidi, maana yeye hana haja ya kulainishwa, ana haja ya nguvu. Atue goti likiwa limekunjwa kidogo. Afanye kuchuchumaa polepole, kuinuka kwa vidole vya miguu, kusimama kwa muguu mumoja huku akipiga meno muswaki. Mufundisha asimuweke kila mara mbele kuonyesha namna anavyopinda, hata kama watu wanapenda sana. Ni hapo vikundi vingi vinakosea, juu ya makofi na pesa za harusi.

Bega ao goti likitoka, lisivutwe na rafiki wala na muunga mifupa wa kijijini kabla halijaangaliwa: kuvuta vibaya kunaweza kukata mushipa ao kuvunja mufupa. Mukono ufungwe na kitenge kifuani, muguu uegeshwe kwenye fimbo, vidole viguswe. Vikiwa baridi, vyeupe ao vimekufa ganzi, hakuna kungoja asubuhi. Mulango wa kwanza ni kituo cha afya, kisha hospitali kuu ya Masisi ao ya Walikale. Mwenye kuhitaji mazoezi ya kurudisha nguvu ao upasuaji wa mifupa anatumwa kwa kawaida Goma, ambako kuna hospitali HEAL Africa na kituo cha Shirika la Umoja. Kwa kuwa barabara zinafungwa bila onyo, jamaa ipige simu kwanza, na muganga aandike kwenye karatasi ya kumutuma pointi alizopata na kiungo kilichowahi kutoka, ili kule asianzishwe upya.