Mafundi wa Lupango

Lubumbashi ni mji wa shaba, lakini wengi walioujenga walishika chuma. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, mji ukiitwa Elisabethville, na mwaka uliofuata tanuru la kampuni ya madini ya Union Minière likawashwa kando ya mto. Shaba ilipakiwa ikaenda zake. Injini, mabomba na mabehewa yalibaki hapohapo, yakiharibika kila siku na kudai mikono ya kuyatengeneza.

Mwaka huohuo wa 1911 waliingia wamisionari Wasalesiani, nao hawakuchelewa kufungua shule ya ufundi. Mwaka 1928 Union Minière ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu na kuwaruhusu wafanyakazi kuishi kambini na wake zao. Watoto wakakulia karibu na karakana. Mabwana wa Kizungu walishikilia vyeo, Waafrika wakaitwa wasaidizi, ingawa mara nyingi msaidizi ndiye aliyeshika nyundo. Kufikia vita vya Katanga vya mwaka 1961, mji ulikuwa na ufundi wa kutosha kuvika malori mabamba ya chuma yakawa magari ya kivita.

Kilichohamishia ufundi huo nyumbani ni uhaba. Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kuwanyang'anya wageni biashara zao na kuwapa Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo. Maduka mengi yakafilisika na spea zikaadimika. Reli ya Benguela, njia fupi ya kwenda Atlantiki, ilikatwa na vita vya Angola kuanzia 1975. Kisha ikaja zamu ya Gécamines, mrithi wa Union Minière. Mwaka 1986 ilizalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, na miaka michache baadaye uzalishaji haukufika hata tani 50,000. Mishahara ikakaa miezi bila kulipwa. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango uliopewa jina la kuacha kazi kwa hiari.

Mtu anayejua kuchomelea hakosi kazi mahali ambapo hakuna anayemudu gari jipya. Ndiyo maana katika lupango, yaani nyua za nyumba, kwenye mitaa ya Lubumbashi ya Kenya, Katuba na Kamalondo kamioneti kuukuu huweza kukaa miezi juu ya matofali, ikifufuliwa kidogokidogo kadiri mwenyewe anavyopata fedha.

Kutu huanzia pale maji ya mvua yanapotuama bila kuonekana: chini ya milango, kwenye maungio ya sakafu, nyuma ya matao ya magurudumu. Rangi inaweza kung'aa bado huku bati la ndani limekuwa unga. Fundi hugongagonga kwa mpini wa bisibisi na kusikiliza; bati zima hulia, lililooza hutoa sauti butu. Hapo puti haisaidii. Hukata mpaka akute chuma kizima, huchora umbo kwenye kadibodi, hukata kiraka kutoka pipa lililopasuliwa na kukikunja juu ya kipande cha reli kilicholazwa chini ya mwembe. Kuchomelea hufanywa kwa nukta chache, kisha husubiriwa kupoa, maana joto likizidi bati hupinda na kazi ya siku nzima huharibika. Ni makosa kuuita ufundi huu wa kubahatisha: hatua hizo zingefuatwa hata kwenye karakana ya kampuni.

Siku hizi kazi nyingi inaletwa na magari ya mitumba ya Kijapani yanayopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Zambia huendesha kushoto, Kongo kulia. Usukani wa basi dogo uko upande usiofaa, na mlango wake wa abiria hufungukia katikati ya barabara. Kuhamisha usukani ni kukata ukuta ulio kati ya injini na dereva, kuziba matundu ya zamani, kusogeza pedali na kugeuza dashibodi. Ukuta huo usipofungwa barabara, moshi wa injini humfuata dereva ndani, na maji ya masika hupata mahali papya pa kutuama.