Nachingwea: reli iliyong'olewa korosho zikiwa njiani

Reli ya kisasa ya kutoka Uvinza hadi Musongati, Burundi, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Agosti 2025, imeamsha matumaini makubwa Munanila na katika nyanda za juu za Kigoma. Mzigo unaotajwa kila mara ni nikeli ya Burundi. Wakati huu basi ndio wa kuikumbuka stesheni ya Nachingwea, kusini mwa Tanzania, iliyofungwa mwaka 1962, kwa kuwa reli yake nayo ilijengwa kwa kutegemea mzigo mmoja tu. Mwaka 1946 John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, alizunguka na wenzake wawili kwa wiki tisa, sehemu kubwa wakiwa ndani ya ndege, kisha wakaishauri Uingereza ilime karanga kwenye ekari zaidi ya milioni tatu. Alan Wood, aliyekuwa mtu wa habari wa mradi huo, anasimulia katika The Groundnut Affair (1950) jinsi matrekta yaliyotumika vitani yalivyoharibika moja baada ya jingine. Kwenye mashamba ya mradi huko Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, karanga zikanasa humo humo. Mradi ulivunjwa mwaka 1951 kwa hasara ya pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa ili kuzisafirisha karanga za Nachingwea, ilifunguliwa mwaka 1954, mradi ukiwa umekwisha kufa.

Watetezi wa uamuzi wa 1962 wa kuifunga reli hiyo husema reli ilikuwa ikila hasara, na nchi iliyokuwa na uhuru wa miezi michache isingeweza kuibeba. Hoja hiyo ina uzito, ila ilipima mzigo wa karanga peke yake. Mikorosho ilikuwa imeshapandwa na wakulima wadogo, bila ndege wala matrekta, na kufikia msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka kusini. Reli ilikuwa imeng'olewa zamani, gunia likapanda lori. Leo serikali inatafuta fedha za kujenga reli mpya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, nayo inanadiwa kwa chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma.

Mtu anaweza kujibu kwamba nikeli imo ardhini tayari, haingoji mvua kama karanga. Ni kweli, lakini bei yake hupangwa mbali, na mgodi unaweza kusimama hata kama mawe yamejaa. Kahawa ya Manyovu na maharage ya Kasulu yatakuwepo bado. Shirika la Reli litangaze mapema stesheni za mkoa wa Kigoma zitakuwa wapi, lijenge maghala kando yake na kuweka nauli ambayo chama cha ushirika kitaimudu. Madiwani na wabunge wetu wadai hilo sasa, kabla michoro haijafungwa.