Maandalizi ya ufundi wa magari katika shule za sekondari Tanzania

Maandalizi ya ufundi wa magari katika shule za sekondari Tanzania ni masomo na mazoezi yanayomwezesha mwanafunzi kuingia katika kazi ya kutengeneza magari baada ya Kidato cha Nne, ama kupitia chuo, ama kupitia gereji.

Historia

Kwa muda mrefu masomo ya ufundi yalitolewa katika shule chache za serikali, zikiwemo shule za ufundi za Tanga, Moshi, Ifunda, Iyunga, Mtwara, Musoma na Bwiru Wavulana. Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 liligawa sekondari katika mikondo miwili: wa jumla na wa amali. Katika mkondo wa amali mwanafunzi husoma fani ya ufundi pamoja na masomo ya kawaida.

Masomo

Masomo yanayohusika zaidi ni hisabati, fizikia, kemia na Kiingereza. Katika mtaala wa awali mwanafunzi aliweza kuacha fizikia na kemia akiingia Kidato cha Tatu. Uamuzi huo ulikuwa na uzito, kwa sababu vyuo vya stashahada ya uhandisi huangalia ufaulu wa masomo ya sayansi.

Fizikia hutumika gereji kila siku. Taa ya wati 60 kwenye betri ya volti 12 huvuta ampea 5. Fundi asiyejua hesabu hiyo anaweza kuweka fyuzi kubwa mno na waya ukaungua. Injini inapowaka, altaneta nzuri kwa kawaida hutoa takriban volti 13.5 hadi 14.5. Kipimo kikibaki kwenye 12, huenda betri haichajiwi, na kununua betri mpya hakutaondoa tatizo.

Kiingereza kinahitajika kwa sababu vitabu vingi vya matengenezo na vifaa vya kusoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari hutumia lugha hiyo.

Njia baada ya shule

* Ufundi stadi: Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya 1994, ina vyuo katika mikoa mbalimbali. Tuzo zake zina ngazi ya I hadi III.
* Stashahada: hutolewa katika vyuo kama Chuo cha Ufundi Arusha na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam.
* Gereji za mitaani: kijana huanza kama saidia fundi, akiosha vipuri na kushika spana hadi akabidhiwe kazi. Njia hii huleta wepesi wa mkono, lakini haitoi cheti, na waajiri wengi hudai cheti. VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini.

Njia hizi huweza kuunganishwa: mwanafunzi anaweza kwenda gereji wakati wa likizo huku akiendelea na masomo.

Usalama

Mwanafunzi anayejifunza gereji hutakiwa kujua kwanza kwamba gari lililoinuliwa kwa jeki pekee halilaliwi chini, huwekewa stendi. Asidi ya betri huunguza ngozi na macho, na petroli haitumiwi kuoshea vipuri karibu na moto.