Gatini na Mkononi

Neno la Kiingereza dock lina maana mbili zinazojulikana: gati, meli inapofunga, na kizimba, anaposimama mshtakiwa. Atakayetafsiri maelezo ya mashine ya gemu ya Nintendo Switch bila kuiona yenyewe anaweza kutuambia kwamba gemu hupendeza zaidi ikiwa kizimbani. Wachezaji wengine wameikwepa kesi hiyo kwa kusema doki tu. Mimi nachagua gati, ingawa nalo lina tundu.

Switch ilitoka Machi 2017. Ukiishika mkononi, unacheza kwenye kioo chake cha inchi 6.2, chenye pikseli 1,280 kwa 720. Ukiitumbukiza kwenye gati lake la plastiki, kioo huzimika na picha huhamia kwenye televisheni, ikiweza kufika pikseli 1,920 kwa 1,080. Wengi hudhani gatini mna injini ya ziada. Hamna, gati hupitisha umeme na picha, basi. Gati la bandarini nalo haliipi meli injini mpya.

Kinachobadilika ni mashine yenyewe. Ikiwa gatini na kupata umeme wa ukutani, chipu yake ya michoro hupanda hadi megahezi 768. Mkononi hushushwa, mara nyingi hadi 384 au 307, ili betri isiishe upesi na mashine isichemke. Prosesa kuu hubaki kwenye 1,020 kote kuwili. Kwa hiyo adui haongezewi akili gatini, huongezewa sura.

Na sura ina bei. Chukua The Legend of Zelda: Breath of the Wild. Gatini huchora hadi pikseli 1,600 kwa 900, yaani milioni 1.44 kwa kila fremu. Mkononi huchora 1,280 kwa 720, kama laki tisa na ushei. Kote kuwili hulenga fremu 30 kwa sekunde. Gemu hiyo ilipotoka, ukipita kwenye majani mengi picha ilikuwa ikikwamakwama zaidi gatini kuliko mkononi, mpaka sasisho lilipopunguza tatizo.

Tundu la istilahi yangu ndilo hili: meli ikifunga gati hupumzika, ilhali mashine hii ikifunga gati ndipo inapotoka jasho. Hata hivyo silitupi neno hili, kwa sababu limekuja na ndugu zake. Gatini na mkononi zinalingana kwa kiambishi kimoja, na vitenzi viko tayari: mashine hufunga gati, kisha hung'oa nanga. Umeme ukikatika katikati ya pambano, televisheni ikawa giza, aliyezoea maneno hayo hahitaji kufafanuliwa la kufanya. Anang'oa nanga, anaendelea mkononi, kwa pikseli chache na betri iliyopo.